Nyuzi Kumi na Mbili na Sauti ya Saba

Mtu aliyezoea kusikia ilimba ya Wagogo, anaposikia kwa mara ya kwanza gitaa la nyuzi kumi na mbili likipigwa kwa vidole, huelekea kudhani kwamba vyombo hivi viwili ni ndugu. Kwa asili hawana udugu. Ilimba ni sanduku la mbao lililopangwa vijiti bapa vya chuma, ambavyo mpigaji huvibonyeza na kuviachia kwa vidole gumba. Gitaa la nyuzi kumi na mbili lilienea huko Marekani na Meksiko mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo sikio halikukosea kabisa. Katika vyombo vyote viwili husikika sauti zaidi ya zile zilizoguswa na kidole, na katika vyote viwili sauti hizo za ziada ndizo zinazokipa chombo utamu wake. Tofauti kubwa iliyopo kati yao imo katika sauti moja tu, nayo yaweza kupimwa hata na mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Katika gitaa la nyuzi kumi na mbili kila uzi umepewa mwenzake, na kila jozi hupigwa kana kwamba ni uzi mmoja. Jozi mbili za juu, yaani ya kwanza na ya pili, zina nyuzi zinazofanana kabisa: mitetemo 329.6 kwa sekunde kwa jozi ya kwanza, na 246.9 kwa ya pili. Jozi nne zilizobaki ni za namna nyingine. Uzi mnene wa jozi ya tatu hutetema mara 196 kwa sekunde, lakini mwenzake mwembamba hutetema mara 392, yaani oktava moja juu yake. Vivyo hivyo uzi wa 146.8 hupewa mwenzake wa 293.7, wa 110 hupewa wa 220, na wa 82.4 hupewa wa 164.8.

Sababu ya mpango huo ni rahisi. Uzi mnene uliozungushiwa waya hupoteza upesi sauti zake nyembamba, hubaki ukinguruma. Mwenzake wa oktava hurudisha sauti zile zilizopotea, na sikio huunganisha sauti hizo mbili kuwa moja yenye mwanga. Katika jozi zinazofanana hutokea jambo jingine. Nyuzi mbili haziwezi kukazwa sawasawa kabisa; ikiwa moja inatetema mara 247 na nyingine mara 248, sauti yake itapanda na kushuka mara moja kila sekunde. Mapandio na mashukio hayo huitwa mapigo, na idadi yake kwa sekunde ni sawa na tofauti ya mitetemo ya nyuzi hizo mbili. Mapigo ya polepole hulifanya gitaa moja lisikike kama mawili. Mapigo ya haraka humwudhi msikilizaji, naye husema gitaa halikulinganishwa vizuri, na kweli halikulinganishwa.

Kanuni za uzi unaotetema zilichapishwa na mtawa Mfaransa Marin Mersenne mwaka 1636. Mitetemo hupungua kadiri uzi unavyorefuka, huongezeka kwa kipeuo cha pili cha mkazo, na hupungua kwa kipeuo cha pili cha uzito wa kila mita ya uzi. Ndiyo kusema, ili kupandisha uzi oktava moja kwa kuukaza tu, mkazo lazima uwe mara nne ya ule wa mwanzo. Wanafunzi wengi huikariri kanuni hii bila kuona inakotupeleka, na gitaa la nyuzi kumi na mbili ni mahali pazuri pa kuona.

Tuutazame uzi mwembamba wa jozi ya tatu, ule wa mitetemo 392. Ndio wenye sauti ya juu kuliko nyuzi zote za gitaa hilo, na kila mpigaji anajua kwamba ndio unaokatika mara nyingi. Shauri linalotolewa mara kwa mara ni kununua uzi mnene kidogo ili usikatike. Shauri hilo ni la bure, na hesabu inaonyesha kwa nini. Urefu wa uzi kwenye magitaa mengi ni karibu milimita 648. Uzi ukiwa na unene wa milimita 0.2 huhitaji kuvutwa kwa nguvu ya takriban nyutoni 64, yaani uzito wa kilo 6.5, ili ufikie mitetemo 392. Ukitumia uzi wenye unene maradufu, uzito wa kila mita huwa mara nne, na nguvu inayotakiwa nayo huwa mara nne. Lakini eneo la chuma linalobeba nguvu hiyo limekuwa mara nne pia. Kila milimita mraba ya chuma inabeba mzigo uleule: takriban nyutoni 2,030. Unene umejifuta wenyewe katika hesabu. Waya bora ya chuma yenye wembamba huo hukatika kati ya nyutoni 2,500 na 3,000 kwa milimita mraba, kwa hiyo uzi huu unaishi karibu na mauti yake kila siku. Mwenye gitaa ana njia mbili tu za kuunusuru: kufupisha uzi, jambo ambalo ni la fundi, au kuushusha sauti.

Wapigaji wakubwa walichagua kushusha. Huddie Ledbetter, aliyejulikana kama Lead Belly, ambaye John Lomax na mwanawe Alan walimrekodi mwaka 1933 akiwa mfungwa katika gereza la Angola, Louisiana, alilishusha gitaa lake la nyuzi kumi na mbili chini sana kuliko desturi. Leo Kottke, ambaye santuri yake ya mwaka 1969 ilifanya wengi walitazame upya gitaa hili kama chombo cha kupigwa kwa vidole peke yake, naye hushusha. Si suala la uzi mmoja tu. Nyuzi sita za kawaida huvuta daraja la gitaa kwa nguvu ya takriban kilo 70 hadi 75. Nyuzi kumi na mbili huvuta kwa kilo 100 hadi 115, na zinavuta mchana na usiku, gitaa likipigwa au likining'inia ukutani. Gitaa zima likishushwa toni moja, mkazo hupungua kwa karibu asilimia 21. Huko ni kuliondolea daraja mzigo wa zaidi ya kilo 20 bila kubadili kitu kingine chochote.

Katika Dodoma jambo hili lina uzito wa pekee. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zake hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayofuata ni mikavu. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Zinapokauka husinyaa, tena husinyaa zaidi kwa kukingama nyuzinyuzi za mti kuliko kwa kufuatana nazo. Gitaa lililokaa Dar es Salaam katika hewa ya bahari, likipandishwa Nyanda za Kati mwezi wa Agosti, huanza kutoa maji yake. Ubao wa juu, ambao unene wake ni milimita tatu hivi, hushuka, unyooko wa shingo hubadilika, na gundi ya daraja hujikuta ikishika mbao mbili zisizosinyaa kwa kipimo kimoja huku kilo mia zikiivuta. Ufa huanzia hapo. Wenye uzoefu hulifungia gitaa ndani ya kasha lake pamoja na sifongo mbichi iliyotiwa katika kopo lenye matundu, na hulegeza nyuzi kabla ya safari. Mwinuko wenyewe hauna lawama. Wako wanaoamini kwamba hewa nyepesi ya mlimani hushusha sauti ya uzi. Uzi hautetemi kwa hesabu ya hewa, na hata mwendo wa sauti hewani hutegemea joto, wala hautegemei kanieneo.

Kupiga kwa vidole nako kuna fizikia yake. Katika Afrika ya Mashariki na Kati mtindo huu unahusishwa sana na Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 1990. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, mwaka 1952, na wimbo wake wa "Masanga" ulifika mbali. Mwenda alitumia gitaa la nyuzi sita, na mkono wake wa kulia ulifanya kazi kwa vidole viwili tu: gumba na cha shahada. Msikilizaji asiyemwona alidhani wanapiga watu wawili. Gumba lilishika mwendo wake, cha shahada kikashika wake, na wimbo ukazaliwa pale miendo hiyo miwili ilipopishana. David Rycroft alichapisha uchambuzi wa upigaji huo mwaka 1961 na 1962. Mpigaji wa ilimba angeielewa kazi hiyo mara moja, kwa kuwa yeye pia ana gumba la kushoto na gumba la kulia, na wimbo wake huzaliwa katikati yao.

Kwenye gitaa la nyuzi kumi na mbili vidole hukuta mgawanyo usiotarajiwa. Katika magitaa mengi ya aina hii uzi mwembamba wa kila jozi ya oktava hukaa upande wa juu, karibu na uso wa mpigaji. Gumba linaposhuka hukutana na uzi mwembamba kwanza, kisha mnene. Kidole cha shahada kinapopanda hukuta mnene kwanza. Kwa hiyo jozi ileile hutoa sauti mbili tofauti kufuatana na kidole kilichoipiga, na mpigaji mwenye akili huitumia tofauti hiyo. Mkono wa kushoto hulipa gharama, maana kila kidole hukandamiza nyuzi mbili badala ya moja. Kottke mwenyewe aliumia mishipa ya mkono wa kulia kwa kupiga kwa nguvu na kucha za bandia, na katika miaka ya 1980 alilazimika kujifunza upya kupiga kwa ncha za vidole. Mwanafunzi asiharakishe.

Sasa turudi Ugogo. Ukiuvuta uzi mmoja na kuuachia, hautoi sauti moja. Hutetema mzima, na wakati huohuo hutetema kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake, na kuendelea. Uzi wa mitetemo 98 hutoa pia 196, 294, 392, 490, 588, 686, 784, 882. Sauti hizi tuziite sauti-tanzu, na sauti mama ihesabiwe kuwa ya kwanza. Watafiti wa muziki wa Wagogo, akiwamo Gerhard Kubik wa Austria, wameonyesha kwamba ngazi ya sauti inayotumika katika uimbaji na vyombo vyao inafuata sauti-tanzu ya nne hadi ya tisa. Ni ngazi ya sauti tano, kwa sababu ya nane ni ile ya nne iliyopandishwa oktava moja. Zimo ya nne, ya tano, ya sita, ya saba na ya tisa.

Kati ya hizo, ya saba ndiyo yenye kesi. Gitaa, kinanda na filimbi za shule hugawanya oktava katika hatua kumi na mbili zilizo sawa. Mgawanyo huo huikaribia sana sauti-tanzu ya sita na ya tisa, na huikaribia kwa kiasi ya tano. Ya saba huikosa. Juu ya mama wa 98, sauti-tanzu ya saba ni mitetemo 686. Noti ya kinanda iliyo jirani yake ni 698.5. Tofauti hiyo ni karibu theluthi moja ya hatua, na hakuna sikio zima lisiloisikia. Kwa mwalimu wa kwaya aliyelelewa na kinanda, mwimbaji wa Kigogo amekosea kwa kushuka. Kwa mwimbaji, kinanda ndicho kilichopanda kupita kiasi. Upande wa fizikia haumwungi mkono mwalimu: 686 ni mara saba ya 98 kamili, na imo ndani ya uzi wenyewe kabla ya binadamu kuitafuta.

Hukwe Zawose, aliyezaliwa katika nchi ya Wagogo, akafanya kazi zake Bagamoyo na kufariki Desemba 2003, aliibeba ngazi hii kote duniani kwa ilimba na zeze. Alitengeneza ilimba kubwa zenye vijiti vingi, na si vyote vilivyopigwa. Vingine viliwekwa ili viitikie vyenyewe vinapotetemeshwa na jirani zao wenye sauti inayolingana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alirekodi santuri ya "Assembly" pamoja na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Kazi kama hiyo huleta swali la kiufundi ambalo kila kijana wa Dodoma mwenye gitaa mkononi atakutana nalo: ngazi ya Kigogo itakaaje kwenye chombo ambacho freti zake, yaani vile vipande vya chuma vilivyopandikizwa shingoni, zimekwisha kuamua kila noti?

Jibu moja ni kuziacha freti. Ilimba haina freti. Kila kijiti kina sauti moja. Gitaa la nyuzi kumi na mbili laweza kufanywa vivyo hivyo, kila jozi ikawa na sauti yake moja. Hesabu zake zinakubaliana kwa namna inayofurahisha. Lishushwe gitaa zima toni moja kama tulivyoeleza, na jozi ya tano, iliyo sasa na mitetemo 98, iwe mama. Jozi ya sita iwe 73.5, ya nne 122.5, ya tatu 171.5, ya pili 220.5, na ya kwanza 294. Ukigawanya kila namba kwa 98 utapata robo tatu, moja na robo, moja na robo tatu, mbili na robo, na tatu. Sauti zote tano za Kigogo zimo katika nyuzi zilizo wazi. Nyuzi pacha hufuata: oktava juu kwa jozi nne za chini, na sawa kwa mbili za juu. Hakuna uzi hata mmoja uliokazwa zaidi ya desturi. Hata ule mwembamba wa jozi ya tatu umeshuka kutoka 392 hadi 343, na mzigo wake kutoka nyutoni 2,030 hadi 1,550 hivi kwa milimita mraba. Labda utaishi mwaka.

Kulinganisha hakuhitaji chombo. Gusa uzi mnene wa jozi ya tano kwa wepesi, bila kuukandamiza, kwenye sehemu ya saba ya urefu wake. Katika gitaa la milimita 648 hapo ni milimita 92.6 kutoka kwenye kizingiti cha juu ya shingo, kati ya freti ya pili na ya tatu. Uvute na kuuachia: itasikika 686. Kisha gusa uzi mnene wa jozi ya tatu kwenye robo ya urefu wake, juu ya freti ya tano. Sauti-tanzu yake ya nne nayo inatakiwa iwe 686. Zungusha kigingi mpaka mapigo kati ya sauti hizo mbili yapungue na kuisha. Jozi ya nne hupatikana kwa sehemu ya tano ya uzi wa mama dhidi ya robo ya uzi wake, zote 490. Jozi ya kwanza ni theluthi ya uzi wa mama, 294, dhidi ya uzi ulio wazi. Ya pili ni robo yake dhidi ya theluthi ya jozi ya kwanza, 882. Ya sita ni robo yake dhidi ya jozi ya kwanza iliyo wazi.

Kuna tahadhari moja. Uzi ukivutwa mahali ambapo sauti-tanzu fulani haitikisiki, sauti-tanzu hiyo haizaliwi. Anayevuta uzi milimita 92.6 kutoka kwenye daraja, mahali ambapo vidole vingi hupenda kukaa, anaiua ya saba kwa mkono wake mwenyewe. Asogee mpaka milimita 46 hivi kutoka kwenye daraja, ambapo sehemu hiyo ya saba imegawanywa nusu. Hapo inatikisika kwa nguvu zake zote.

Matatizo yanabaki. Mkono wa kushoto ukikandamiza freti ya kumi na mbili, oktava hupatikana salama. Ya saba na ya tano zinavumilika. Freti nyingine hutoa noti zisizo na nafasi katika ngazi hii. Jingine ni simu. Siku hizi vijana hulinganisha nyuzi kwa programu ya simu, nayo imefundishwa hatua kumi na mbili zilizo sawa tu. Ikisikia 171.5 itawasha alama ya kosa na kumwamuru mpigaji aukaze uzi mpaka 174.6. Akitii, atakuwa amepata gitaa lililo sahihi kwa simu na amepoteza sauti ambayo bibi yake aliimba kwenye ngoma ya muheme. Yafaa ajue kwamba simu inapima umbali kutoka kwenye mgawanyo uliochaguliwa na watu, wala haipimi ukweli wa sauti.

Shule isiyo na gitaa isikate tamaa. Nunua uzi mmoja wa gitaa wenye unene wa milimita 0.2, ufunge upande mmoja wa meza, uupitishe juu ya vigingi viwili vya mbao vilivyoachana milimita 648, kisha juu ya kapi, na utundike ndoo. Ndoo pamoja na maji yake ikifika kilo 5, uzi utatetema takriban mara 343 kwa sekunde. Punguza maji mpaka kilo 1.25, nao utashuka oktava moja kamili, hadi 171.5. Wanafunzi walete kijiti cha ilimba chenye sauti ya saba, wakipige karibu na uzi huo, na waongeze maji kijiko kwa kijiko huku wakihesabu mapigo kwa saa ya ukutani.